Tairi Laini Ukweni

Jamani, leo heshima yangu imezikwa Koboko. Naandika nikiwa kwenye kibaraza cha wakwe, nimevaa kanzu ya baba mkwe inayoishia magotini (yeye mfupi, mimi mlingoti). Nimechoka na safari, nimechoka na gari, na zaidi ya yote nimechoka na mimi mwenyewe.

Mambo yalianza wiki tatu zilizopita. Mimi na mke wangu Zamzam tulikuwa tunatoka msibani Omugo. Alikuwa ameniambia mara tatu kwamba tairi zetu zimekuwa kipara. Mara zote tatu nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, msuguano naufundisha mwaka wa kumi na moja huu, na tairi bado zina maisha.

Moja ikapasuka. Ya akiba haikuwa na upepo (na hilo pia nilikuwa nimeambiwa). Zamzam akatembea, viatu mkononi, mpaka tulipopata bodaboda. Hakunigombeza. Asubuhi alifunga nguo zake akaenda kwao Koboko.

Kila nilipopiga simu alipokea, na jibu lilikuwa lilelile: "Wewe si unajua kila kitu? Jua na kupika."

Juzi akalegeza kidogo. "Jumamosi wazee watakaa kutusikiliza. Nenda kwa Candia, weka tairi atakayosema yeye. Yeye, sio wewe. Halafu uje unichukue."

Sharti moja tu! Mtoto wa chekechea angelitimiza.

Candia ni fundi wa tairi kule Arua, si mbali na kwetu Awindiri. Leo saa moja asubuhi nilikuwa kwake. Ni mzee mpole, hugonga tairi kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Mwalimu, chukua hii ya meno," akasema. "Nyumba ya mukwe yako mimi najua. Ukitoka kwa lami, iko matope tupu. Na jana mvua ilipiga."

Nikatoa simu. (Hapo ndipo shetani aliponishika mkono.) Jana kutwa nilikuwa nasoma habari za tairi za magari ya haibridi. Nikamweleza kwamba gari langu linatumia petroli na umeme, kwa hiyo linataka tairi laini, nyepesi, inayoviringika bila taabu, ndipo mafuta yanakaa. Meno makubwa yanakula mafuta. Nikamchorea mshale wa nguvu kwenye vumbi la boneti.

Candia akautazama mshale muda mrefu.

"Gari iko ya umeme, mwalimu. Lakini njia iko ya matope."

"Arua mpaka Koboko ni lami, fundi!"

"Na mukwe yako iko nalala kwa lami?"

Wateja wawili wakacheka. Sikupenda. Nikachagua laini, zote nne. Candia akazifunga, akajaza upepo, akapangusa mikono, akasema, "Haya." Ningekuwa na akili, hiyo "haya" peke yake ingetosha kunirudisha.

Kwenye lami gari lilikwenda kama limepakwa samli. Nikajisifu kwa sauti, peke yangu.

Nikaacha lami Koboko. Hatua mia za kwanza, salama. Halafu gari likaanza kutembea kiubavu. Nikaingia uwanja wa wakwe kama kaa, nikatumbukia kwenye dimbwi, gari likatulia humo. Kibarazani walikuwa wamekaa wazee wanne, baba mkwe katikati, mgongo umenyooka kama zamani zake za jeshi.

"Mukwe nafika," mzee mmoja akasema. "Mbona yeye hapana shuka?"

Sikushuka kwa sababu nilivaa suruali ya krimu (ya kuombea msamaha). Nikaamua kurudi nyuma kidogo, nitoke dimbwini kwa heshima. Nikaweka rivasi. Kwa msiojua, gari hili likirudi nyuma hutumia umeme peke yake, na halitoi sauti yoyote. Tairi zikateleza, taa ya utelezi ikawaka, gari lenyewe likakata nguvu. Gari lilinionya! Lakini simu ilikuwa imenifundisha kitufe cha kuzima onyo hilo. Nikakibonyeza.

Hapo mama mkwe akatoka jikoni.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Miaka tisa ya ndoa, uso wake naujua kwa picha tu. Alikuwa amebeba sinia la wazee, ugali wa muhogo na mchuzi wa mbuzi, na njia yake ilipita mbele ya gari langu. Aliponiona akavuta mtandio wake mweupe akageuza uso. Kwa kuwa gari lilikuwa kimya, akadhani limezimwa. Mimi nami, mkwe mwema, nikainamisha kichwa nikatazama magoti yangu. Adabu yake ikakutana na adabu yangu. Na mguu wangu ukakanyaga mafuta.

Tairi za mbele zikazunguka bure. Gari halikusogea hata inchi. Matope yalisogea, yote, kwenda mbele.

Nilisikia sinia likianguka. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa ametapakaa matope kuanzia mtandio hadi ndala, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tunatazamana ana kwa ana.

"Ya salaam!" baba mkwe akasema. "Kumbe gari iko hai!"

Nikaruka nje kuomba radhi. Nikateleza. Nikakaa dimbwini na suruali yangu ya krimu. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

Zamzam akatoka ndani. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, halafu akachuchumaa akapitisha kidole juu ya tairi. Jamani, kile kidole!

"Candia alisema nini?"

Wazee wakasogeza viti karibu. Ningeweza kudanganya.

"Alisema ya meno."

"Na wewe?"

"Nilimchorea mshale."

Nikajua ndoa imekwisha. Sitanii. Wiki tatu nyumba yetu imekuwa na sauti ya friji tu, na niliogopa kurudi kuisikiliza peke yangu.

Mama mkwe akamgeukia mumewe, maana mimi haruhusiwi kunisemesha. "Ambia huyo mutu, mimi hapana kasirika juu ya nguo. Nguo iko nafuliwa. Lakini mutoto yangu yeye natembeza kwa mguu, leo mimi yeye naogesha na matope. Uliza yeye, masikio iko?"

Baba mkwe akanigeukia, kana kwamba sikusikia. "Yeye nauliza, masikio iko?"

"Iko, baba."

"Yeye nasema iko."

"Basi ambia yeye, tumia."

Zamzam akampigia Candia amwombe aje na tairi za meno. Candia akamjibu kwamba yuko Koboko tayari, mwisho wa lami, zimo kwenye pikapu. Alikuja kumletea mteja tairi, akapakia na zangu, na amekaa anasubiri simu.

Sasa hivi anamalizia kuzifunga. Wazee wanakula ugali mpya. Zamzam amekubali kurudi nyumbani, tena leo hii, ila yeye ndiye ataendesha, na mimi nitakaa nyuma na zile tairi laini. Nimefungua mdomo nimweleze namna ya kutoka kwenye matope, baba mkwe akanigusa sikio kwa kidole kimoja. Nimeufunga.

Mnaotaka kucheka, chekeni taratibu. Mama mkwe yuko dirishani, na tangu leo ameanza kunitazama.