Sababu za Kutokwenda Binza

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, jamani. Aliyenivua ni kompyuta yangu mwenyewe, saa saba kamili, kama nilivyoiagiza.

Nina hasira. Someni mpaka mwisho ndipo mseme mwenye makosa ni nani.

Mnajua tulinunua kompyuta. Ni ya mtumba, imetoka Ulaya na kisogo chake kikubwa, na ukiiwasha una muda wa kuchemsha chai ukainywa. Lakini ni yetu, iko sebuleni kwetu hapa Bariadi. Mimi ni karani wa masijala, kwa hiyo nimeipanga kama ofisi. Kila faili lina jina linalojieleza. Sina ujinga wa "mpya", "mpya2" na "mpyakabisa" kama mume wangu Nkwabi. (Utaratibu! Utaratibu ndio ulioniua.)

Sasa, mama mkwe wangu anakaa Binza, kule Maswa. Amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na leo tulikuwa na sherehe ya kustaafu kwake. Wanawe waliamua picha zake zionyeshwe ukutani kwa projekta, tangu usichana wake mpaka leo. Wazo zuri. Nani aziingize kwenye kompyuta? Minza! Nikaazima skana, nikapitisha picha moja moja, mia mbili na ushee, jioni baada ya jioni, mgongo unauma. Nilipomaliza, Nkwabi akaamua kuisafisha kompyuta ili iwe nyepesi. Akazifuta zote.

Sikulia. Nikaanza upya.

Ila safari hii nilisema, sitegemei tena binadamu. Nikanunua diski ya nje, nikasoma maelekezo, nikaweka bakapu ya kujiendesha yenyewe. Kila siku ichukue mafaili yangu yote na kuyanakili kwenye diski. Saa ngapi? Saa saba mchana, kwa sababu muda huo niko nyumbani kwa chakula na naweza kuisimamia. Kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama nataka kuonyeshwa maendeleo ya kazi kwenye skrini. Nikaweka tiki. Nani asiyependa kuona maendeleo? Kingine kikauliza kama nataka mtu asiweze kuikatiza bila neno la siri. Nikaweka tiki mbiombio, namwazia Nkwabi.

Wiki tatu ilifanya kazi vizuri mno. Nilikuwa nakula ugali huku naangalia majina ya mafaili yangu yakipita moja moja. Nilijiona mtaalamu.

Leo asubuhi jirani yetu Mzee Limbu akatupeleka Binza kwa pikapu yake, kompyuta imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Nikabeba na diski yangu, na UPS, lile boksi la betri linaloendesha mashine umeme ukikatika. Nkwabi akasema, "Vyote hivyo vya nini?" Nikamwambia anyamaze, historia yake anaijua.

Mama mkwe alitupokea mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," nikapiga goti, nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone. Hatimaye umefika. Sayi amepona homa?"

"Amepona, mama."

(Sayi ni mwanangu. Hakuwa na homa. Tutafika huko.)

Sherehe ilikuwa shuleni, ndani ya darasa lake lilelile. Madirisha tuliyaziba kwa vitenge. Watu kama sitini, wote wamejibana kwenye madawati ya watoto, na karibu wote ni yeye aliyewafundisha kusoma. Kadi ilisema saa nne. Narudia, SAA NNE. Ningekuwa nimeonyesha picha zangu na kufunga mashine kabla ya saa sita. Lakini mgeni rasmi akafika saa sita na robo, anatabasamu, hajaomba hata radhi. Tukaanza na sala. Kisha shemeji yangu Malale, kaka wa Nkwabi, akasoma hotuba ya familia. Alipofika ukurasa wa pili sauti ikamkatika, akatoa leso. Mama mkwe naye akatoa leso. Makofi!

Ndipo nikawasha projekta.

Nawaambieni, ilikuwa nzuri. Mama akiwa binti, kiuno chembamba. Mama na marehemu baba. Mama na darasa lake la kwanza kabisa, watoto pekupeku. Watu wanaitana majina, wanapiga vigelegele. Mama ananiangalia mimi, mimi mkamwana, kwa macho ambayo sijapata kuyaona. Nikavimba.

Saa saba kamili dirisha likatokea katikati ya uso wa mama mkwe wangu.

Kubwa, jeupe. Linataja kila faili linalonakiliwa, herufi kubwa kama za ubaoni, na kwa mwendo wa kompyuta yangu kila jina lilikaa mpaka mtu alisome mara mbili.

BARUA YA KUOMBA UHAMISHO. Sawa, hakuna neno.

DAWA YA MBA YA NKWABI. Watu wakamtazama Nkwabi kichwani.

"Minza, toa hicho kitu," akanong'ona.

"Natoa!"

Ikaomba neno la siri. Nikaandika kwa haraka, nikakosea. Nikakosea tena. Mara ya tatu ikanifungia. Mimi! Mwenye kompyuta!

HOTUBA YA MALALE (UKURASA WA PILI AJIFANYE ANALIA).

Mtu mmoja nyuma akaguna. Shemeji alikuwa bado ameshika leso. Mama akamtazama mwanawe, akaitazama ile leso. Shemeji akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho, kwa sababu mashine ilikuwa inafuata alfabeti, na mimi najua kilichoko kwenye S.

Ikafika P, ikaanza PICHA ZA MAMA 001, 002, 003. Nikapata nafasi. Nikasimama mbele ya projekta ili nizibe ukuta. Maneno yakahamia kifuani kwangu. Nikageuka, yakawa mgongoni. Watu wanacheka! Nikapiga kelele, "Zimeni umeme!" Mtu mmoja mwema akachomoa waya ulioleta umeme darasani. Taa ikazimika. Kompyuta na projekta zikaendelea kwa raha zao, kwa sababu vyote viwili nilivichomeka kwenye UPS, kwa mikono yangu.

Picha zikaisha. S ikaja.

Mama mkwe akasimama. Alivaa miwani, akachukua fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, akaiweka chini ya neno la kwanza. Nadhani hata yeye hakukusudia. Ni mazoea ya miaka mingi. Na darasa nalo likafanya mazoea yake. Watu sitini, wenye vipara, wenye wajukuu, mgeni rasmi ndani yake, wakasoma kwa pamoja:

"SA-BA-BU ZA KU-TO-KWEN-DA BIN-ZA!"

Fimbo ikasogea mbele.

"Kuna mabano," mama akasema.

"ZI-LI-ZO-KWI-SHA TU-MI-KA!"

Nilitamani sakafu ipasuke.

"Fungua tuone," mama akasema.

"Mama, hayo ni mambo ya ofisi."

"Ofisi ina shughuli gani na Binza?"

Sikugusa kitu. Aliyefungua ni shemeji Malale! Bakapu ilipomaliza tu alikuja, akanisukuma kwa bega, akabonyeza. Mtu niliyemwandikia hotuba bure!

Basi ukuta mzima ukasomeka. Moja: homa ya Sayi (Pasaka, Nanenane, isitumike tena mwaka huu). Mbili: mto umejaa (inafaa masika tu, Nkwabi aliitumia Agosti, asiachiwe simu). Tatu: mkaguzi anakuja ofisini. Nne: msiba wa jirani, Mzee Limbu (amekufa mara mbili, atafutwe mwingine).

Nyuma kabisa dawati likalia. Mzee Limbu alisimama, soda mkononi.

"Mimi?" akauliza.

"Nimemsalia rozari huyu," mama akasema polepole. "Mara mbili."

Hapo kila mtu alikuwa anacheka, hata mgeni rasmi anajifuta machozi. Mama hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la khanga, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kicheko kikafa chenyewe.

"Mimi nilidhani mnaishi kwa taabu kubwa huko Bariadi," akasema. "Kila jioni nilikuwa nawaombea. Kuku niliyemtuma kwa ajili ya homa ya mtoto?"

"Tulimla, mama."

"Alikuwa mtamu?"

"Sana, mama."

"Sasa Binza kuna nini, Minza?"

Nkwabi alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuna wa kunisaidia. Na mimi nilikuwa nimeshaumbuka vya kutosha, nikaona heri niseme.

"Mama, nikifika hujanipokea hata mzigo umeshanisahihisha. Ugali wangu mgumu. Nafagia kwa mkono usio sahihi. Mtoto nimembeba vibaya. Mimi si darasa la kwanza, mama."

Akanitazama. Nikasubiri kufukuzwa.

"Ulipaswa kuniambia," akasema. "Mimi nilikuwa nafundisha. Sijui kufanya kingine." Akaketi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka, mwanamke anayeaga kazi yake leo na kesho hana pa kwenda. Nikaona aibu ya kweli. Siyo ile ya mbele za watu, ile nyingine.

Nikapiga goti, nikaomba radhi. Akaniinua kwa mkono. Watu wakapiga makofi, tukakata keki. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha! Tunapakia kompyuta kwenye pikapu, namwona mama anakuja na begi.

"Njia ya kuja Binza ina mito, ina homa, ina misiba," akasema. "Nisiwape tabu. Nitakaa mimi Bariadi. Nimestaafu, nina nafasi."

"Siku ngapi, mama?" Nkwabi akauliza.

"Mpaka nichoke."

Akaketi mbele, pembeni ya marehemu Mzee Limbu, wanazungumza na kucheka njia nzima. Mimi na Nkwabi tukakaa nyuma, tumeikumbatia kompyuta, vumbi linatuingia masikioni. Na katika watu sitini wale, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniambia asante kwa zile picha. HATA MMOJA!

Basi ndiyo hayo. Mkinijibu, jibuni kwa adabu, na asicheke mtu. Mama yuko nyuma ya kiti changu, miwani puani, na amefika mstari huu.