Ng'ombe Arobaini wa Nywele za Mahindi

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Acheni nimalize kwanza ndipo mseme mtakayosema.

Nawaandikia hapa njia panda ya Mikumi, kwenye lile duka lililoleta kompyuta mbili za intaneti. Moja mbovu. Hii nyingine herufi ya "k" haitoki mpaka uitwange, kwa hiyo mkiona neno limekatika jueni mwenzenu amechoka kutwanga. Nimechoka na mengine mengi, lakini leo nawapa hili moja.

Mnakumbuka shamba la mkonge kule Kilosa lilipouzwa kwa mwekezaji, makarani tukaambiwa asanteni, nendeni mkajaribu soko huria. Mimi soko huria nimelijaribia kwenye banda la video. Mwenye banda anakaa Morogoro, mimi ndiye naendesha. Mashine imeshatafuna mikanda karibu yote. Uliobaki mzima ni mmoja: mieleka ya Wamarekani, ya zamani sana, rangi zimegeuka njano mpaka wapiganaji wote wanaonekana wana homa ya manjano. Mapambano matano. Miaka minane nauonyesha huo huo.

Sasa, mkanda ni wa Kiingereza. Mnajua Kiingereza changu (wengine mlinionyesha majibu kwenye mitihani, Mungu awalipe). Siku ya kwanza kabisa, jamaa mmoja kwenye skrini mwenye nywele ndefu za njano akashika kipaza sauti, akaongea kwa uchungu. Watu wakageuka kunitazama.

"Festo, anasemaje?"

Sikushika hata neno moja. Nikasema, "Anasema, wewe ndiye uliyeiba ng'ombe wa baba yangu."

Nikaona macho ya watu, wafugaji wa Tindiga na wakulima wa miwa wa Kidodi, wamebanana benchi moja, wote wamekunja sura kwa ajili ya ng'ombe wa Mmarekani. Nikaongeza: ng'ombe arobaini. Basi. Tangu hapo naitwa Mkalimani, na yule jamaa anaitwa Nywele za Mahindi. Mwizi ni Ngozi ya Chui, kwa ajili ya kaptura yake ya madoadoa. Na kuna mmoja wa suti na miwani, hapigani, anabeba mkoba tu. Huyo ni Karani, ndiye aliyeghushi hati za mifugo. (Nilimfanya karani kwa makusudi. Nilikuwa na hasira na makarani waliobaki kazini.)

Haya. Wiki hii Mama Upendo, yule anayefungua shule ya Kiingereza njia ya Kidodi, akasikia kwamba Mikumi kuna mtu anatafsiri Kiingereza papo hapo bila kusoma popote. Akaniita. Anataka mwalimu wa madarasa ya chini. Kazi ya mchana, kiti, ubao, likizo! Nikasema nafaa. Mke wangu akapiga vigelegele barabarani. Mama Upendo akasema, "Jumamosi nitakuja nikuone kazini."

"Mama, mieleka haimfai mtu wa heshima kama wewe."

"Nitavumilia."

Ndiyo leo.

Saa nane mchana banda limejaa. Nimevaa shati jeupe, na majivu ya miwa inayochomwa yameshaniandika madoa mabegani. Benchi la mbele kakaa Mzee Masanja. Huyu ni mfugaji wa Tindiga, kila akija mnadani lazima apite kwangu, na kila akija analeta mtu mpya. Leo kamleta mdogo wake aliyefika juzi kutoka Usukumani. Kamwambia njia nzima habari za wale ng'ombe.

Mama Upendo akaingia. Nyuma yake mzee mwembamba wa koti, miwani imefungwa kwa uzi.

"Huyu ni baba yangu, Mwalimu Yohana," akaniambia. "Amefundisha Kiingereza shule ya misheni kule milimani miaka thelathini na minane. Nimeona asibaki nyumbani peke yake."

Nikapangusa majivu begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Endelea na kazi, mwanangu. Mimi sina neno."

Pambano la kwanza. Kitambi dhidi ya Mwembamba. Kwa wasiolijua: Kitambi anamkalia Mwembamba, Mwembamba anapiga kelele, kengele inalia, kwisha. Halina sanaa yoyote, ila mtangazaji anaongea kama anafukuzwa, na hapo ndipo mimi huwa napata nafasi. Nikasema, "Anasema Kitambi ametembea siku tatu kwa miguu kuja kutoa ushahidi wa wizi." Watu wakaguna kwa huruma. Mwalimu Yohana akakohoa. Vumbi, nikajipa moyo.

Pambano la pili ni bovu kuliko yote. Wanaume wawili wazima wanakumbatiana dakika kumi kama wanaagana stendi. Nikaamua hapa nitanyamaza, nisijichongee. Dakika moja haikupita.

"Mkalimani! Betri zimekwisha?"

"Tafsiri, bwana! Tumekuja kutazama mabubu?"

Nikatafsiri. Nikasema hao ni ndugu waliogombana wakati wa ukame, sasa wanasameheana. Mwalimu Yohana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatazama skrini. Akanitazama mimi.

La tatu sipendi hata kulikumbuka. Pambano lenyewe si kitu, wanavutana nywele na refa anatazama upande mwingine (refa wa mkanda huu kila tendo muhimu linamkuta anafunga kamba za viatu). Tatizo ni Karani. Kabla hawajaanza anachukua kipaza sauti, anahutubia. Anahutubia sana. Na hotuba hiyo mimi nimeijengea nyumba ya ghorofa! Nikajikuta namwaga kama kawaida: "Anasema ng'ombe wameuzwa kihalali, anayelalamika alete barua yenye mhuri, ofisi inafunguliwa Jumatano!" Banda zima likazomea. Mdogo wake Mzee Masanja akasimama akauliza ofisi hiyo iko wapi. Mama Upendo akamwinamia baba yake sikioni. Baba yake akatikisa kichwa, polepole, mara moja.

Nakijua kichwa cha namna ile. Nilikiona kidato cha tatu kizima.

Pambano la nne nikaugua. Nilishika koo, nikasema sauti imekauka, leo itabidi tuishie hapa, poleni wapendwa. Nilidhani watanung'unika waondoke. Mzee Masanja akainuka, akaenda mwenyewe kuisimamisha mashine.

"Pumzika, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. "Sisi tutasubiri."

Wakasubiri! Watu arobaini na kitu, joto la bati, wamekaa kimya kama wako hospitali. Mama mmoja akatoka akarudi na chai ya tangawizi. Mwingine akanipepea na kanga. Kuna aliyesema tuniombee, na wakaniombea, na Mwalimu Yohana akaitikia amina. Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha. Sijawahi kujichukia namna ile. Ikabidi nipone, nikamalizia la nne.

Sasa la tano. Hili ndilo lao, Nywele za Mahindi na Ngozi ya Chui. Kabla ya kupanda ulingoni, Nywele za Mahindi anasimama mbele ya pazia, jasho linamtoka, kashika kitu kidogo kwenye kiganja. Anakiinua. Anaongea kwa sauti ya chini, macho yamelowa. Miaka minane pale nasema maneno yale yale, na miaka minane kuna mtu analia.

Nikafumba macho nikasema. "Baba, hapa nimeshika udongo wa kaburi lako. Ulikufa ukihesabu ng'ombe wako kwa majina. Leo nitawarudisha nyumbani."

Mama wa chai akaanza kufuta machozi. Mzee Masanja kamshika mdogo wake bega.

Ndipo Mwalimu Yohana akasimama.

"Samahani sana, mwanangu," akasema. Sauti ya darasani, haina haja ya kipaza sauti. "Nimefundisha miaka mingi, kosa likikaa ubaoni bila kufutwa linaniuma. Leo nimejitahidi mapambano manne. La tano nimeshindwa."

"Mwalimu..." nikasema.

"Huyu kijana hakumtaja baba. Hakutaja ng'ombe hata mmoja. Hicho alichoshika ni kikopo cha dawa ya kuchua misuli. Anasema ukijipaka asubuhi na jioni maumivu ya mgongo yanatulia. Na kwamba inapatikana kwenye maduka yote ya dawa."

Akakaa.

Nilikuwa nasikia mkanda unavyozunguka ndani ya mashine.

Mzee Masanja akageuka taratibu. "Dawa ya kuchua?"

"Ndiyo, mzee mwenzangu," Mwalimu akajibu.

"Na udongo?"

"Hakuna udongo."

Hapo akanitazama mimi. Hakuniita Mkalimani. "Festo. Kwa hiyo ng'ombe hawajarudi?"

Ningeweza kusema lolote, jamani. Uongo ulikuwa umejaa mdomoni, umejipanga foleni. Lakini watu wale walikuwa wametoka kuniombea koo.

"Mzee," nikasema, "ng'ombe hawakuwepo."

Mdogo wake akamuuliza kitu kwa Kisukuma. Akamjibu kwa Kisukuma, maneno marefu. Kisha wote wawili wakanitazama. Kisukuma sikijui, lakini sikuhitaji mkalimani.

Kwa nyuma mtu akapaza sauti, "Basi Mwalimu atafsiri yeye! Tujue ukweli!" Wote wakaitikia. Nikampa mzee kipaza sauti changu, nikaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni.

Akatafsiri. Ukweli mtupu.

"Mtangazaji anasema, amemshika mkono," Mwalimu akasema. Kimya. "Anasema, bado amemshika mkono." Kimya zaidi. "Sasa anasema tiketi za wiki ijayo zinauzwa mlangoni. Anarudia, mlangoni."

Dakika ya tano mabenchi yakaanza kulia, watu wanainuka mmoja mmoja. Jamaa wa miwa akauliza kwa unyonge, "Mwalimu, hakuna hata mbuzi?"

"Hakuna."

Ngozi ya Chui akaangushwa chini, puu, kengele ikalia. Siku nyingine hapo watu hubebana mpaka barabarani. Leo mtu mmoja alipiga mwayo.

Mlangoni Mama Upendo alikuwa ananisubiri.

"Bwana Festo, nadhani ile habari ya nafasi tumeelewana."

"Tumeelewana, mama."

Mwalimu Yohana akanishika mkono, akaushikilia. "Nikuambie kitu. Kiswahili chako ni kizuri ajabu. Katika uongo wote ule, hukukosea sarufi hata mara moja." (Sijui niliweke wapi neno hili. Mpaka sasa nimelishika tu.) "Mimi nafundisha watu wazima Kiingereza cha mwanzo, Jumatatu saa tisa, pale pale shuleni. Njoo. Uje na daftari."

Nikasema nitakuja.

Nilipotoka, Mzee Masanja kasimama jua kali na baiskeli yake. Nikajua sasa napigwa. Nikawa nimeshaamua kutokimbia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na ana haki.

"Nyumbani nina wajukuu," akasema. "Kila nikitoka huku wananingoja niwasimulie ulipofika ugomvi ule. Leo nikawaambie nini? Dawa ya mgongo?"

"Nisamehe, mzee."

"Sijauliza hilo. Nimeuliza nikawaambie nini."

Nikafikiri. Nikasema, "Waambie yule kijana alishinda. Alfajiri akawafungulia zizi mwenyewe, wote arobaini. Wakamfuata bila fimbo, maana waliijua sauti yake, ilikuwa kama ya baba yake. Na mmoja akazaa njiani."

Akapangusa tandiko la baiskeli. "Ndama jike au dume?"

"Jike."

"Basi ni vizuri," akasema. Akamwita mdogo wake, akampa tafsiri yake kwa Kisukuma, na huyo mdogo akacheka, akanipa mkono. Wakaondoka. Sikuelewa kama nimesamehewa. Ila hakunidai maelezo mengine, na mimi sikumfukuzia kuuliza.

Mke wangu bado sijamwambia. Nikiondoka hapa dukani ndiyo naelekea huko, na vigelegele vyake najua mtaa mzima ulivisikia. Daftari nimenunua. La mistari, lile la darasa la kwanza.

Mwenye kucheka acheke huko huko aliko. Lakini atakayenijibu, tafadhali, anijibu kwa Kiswahili.