Mkanda Apata Utitiri

Mwalimu mstaafu, ambaye kijiwe kizima kinamwita Chaki, alishusha miwani puani akasoma kwenye simu yake kwa sauti ya paredi: "Mfugaji ampulizia nyoka wake dawa ya mende kuua utitiri. Utitiri wafa, nyoka naye afa."

Mashine, kinyozi, alipaliwa na kahawa.

"Mjinga gani huyo?" aliuliza Gundi, fundi viatu. "Haya, Mashine, wewe ndiye profesa wa nyoka. Tupe somo."

Mashine kajitakia mwenyewe. Miezi miwili alikuwa akijigamba pale benchini kuhusu chatu wake mdogo, Mkanda, mpaka watu wakaanza kumkwepa. Alimfuga ili aonekane mtu wa maana. Sasa Mkanda ana vidoa vyeusi vinavyotembea katikati ya magamba, na mfukoni mwa Mashine mna kopo jipya la dawa ya mende.

Angeweza kunyamaza. Lakini alimkumbuka Mkanda, tangu juzi kajikunja ndani ya bakuli lake la maji, hataki kula. Akalitoa kopo, akaliweka mezani kweupe.

"Profesa ndiye huyu. Nilikuwa nakwenda kumpulizia saa hii hii."

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko.

"Profesa wa mende!" Gundi alipiga paja. "Si ungempaka mafuta ya taa tu?"

"Nyamazeni, mtamuua nyoka wa watu!" Chaki alikuwa ameshapiga simu, spika kaifungulia ili wote wasikie. "Shem, wewe si daktari wa mifugo? Hapa kuna muuaji, bado hajaua: chatu wake ana utitiri, yeye anataka kumpulizia dawa ya mende."

Shemeji hakucheka. "Asipulize kitu, asipake kitu. Amloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kina kisimzidi unene, na asibanduke hapo. Matandiko yote atupe, amwekee karatasi tupu. Sanduku alioshe kwa maji moto na sabuni, likauke kabisa. Kesho amlete nimpime uzito, dawa nitatoa mimi."

Mashine akakohoa. "Daktari, jana nilimsugua kidogo na ile spiriti ya ndevu."

"Ulimfanya nini?"

"Mara moja tu. Alinukia vizuri."

"Mwogeshe sasa hivi. Na mpaka kesho, tafadhali, usifikirie kitu kingine chochote."

Mashine aliondoka mbio, vicheko vikimsindikiza. Saluni, anakomfugia Mkanda, alijaza beseni, akachovya kiwiko, akaongeza maji baridi, akachovya tena. Ndipo akamtia Mkanda taratibu, kiganja kikishika kichwa kisizame. Punde vidudu, kama chembe za pilipili manga, vikaanza kuelea.

Gundi, aliyemfuata kushuhudia, alikuwa ameegemea mlango.

"Mashine."

"Nini?"

"Mimi unaninyoa mwaka wa sita huu. Hata siku moja hujanipimia joto la maji."

Mashine hakugeuka. "Wewe ukiungua unapiga kelele, Gundi. Huyu angeninyamazia tu."