Gari la Mzee Tuta

Wananchi wote wanaarifiwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba katika nchi hii mwendo wa kasi umekwisha. Haukukomeshwa na polisi wala na mahubiri. Umekomeshwa na Idara ya Upunguzaji Kasi, na ndani ya Idara hiyo umekomeshwa na mtu mmoja, Naibu Mkurugenzi, ambaye mtaani wanamwita Mzee Tuta. Jina hilo walilitunga ili kumkera, lakini yeye alilipokea kama nishani.

Mzee Tuta ameweka tuta mbele ya shule, na hapo hakuna mwenye neno. Mbele ya hospitali ameweka mawili, ili mgonjwa aliyezimia azinduke kabla hajamfikia daktari. Ameweka tuta kwenye barabara isiyotoka. Ameweka jingine ndani ya maegesho ya Idara yenyewe, mahali ambapo gari haliwezi kukimbia hata likisukumwa na shetani. Falsafa yake ni fupi: mwananchi asiyetikiswa husahau kwamba ana serikali.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa anakaribia kustaafu, na Mzee Tuta alikuwa anakitaka kiti chake. Alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ndoa ikiwemo, na mkewe alilijua hilo wala hakuona ajabu. Akajikagua kwenye kioo cha lifti. Suti ipo. Kitambi kipo. Kikohozi cha kikubwa kipo. Basi kimepungua nini? Gari! Mtu anayekuja kazini na pikapu ya Idara iliyojaa koleo na kokoto, Waziri atamtazamaje?

Akaenda kwenye yadi ya magari ya kifahari. Na pale, mbele kabisa, aliliona: dogo, fupi, jekundu kama pilipili, limeinama mbele utadhani linanusa lami. Mzee Tuta akameza mate.

"Shikamoo, mzee," akasema muuzaji.

"Marahaba. Hili linakwenda?"

"Mzee wangu, hili haliendi, hili linapaa. Ukanyage tu, ukija kutahamaki uko mji mwingine."

Kwa mujibu wa kiapo chake cha kazi, Mzee Tuta alipaswa kusikitika. Badala yake moyo ulimdunda kama wa kijana anayesubiriwa kichochoroni. Akaingia. Yaani aliingiza mguu, kisha akaingiza mguu wa pili, kisha muuzaji akasaidia kuingiza sehemu iliyobaki. Injini ilipounguruma, mtu huyu aliyetumia maisha yake yote kupambana na kasi alifumba macho na kusema, "Mama yangu!"

Muuzaji akashusha sauti, kama daktari anayetoka na majibu. "Ila mzee, nikwambie ukweli. Tumbo lake liko chini. Kwenye matuta uwe unapita kwa adabu."

"Matuta?" Mzee Tuta akacheka mpaka kitambi kikagonga usukani. "Kijana, hayo niachie mimi. Matuta tunaheshimiana."

Akalinunua, kwa njia ambazo hadithi hii ya kizalendo haina haja ya kuzichunguza.

Heshima ile ilidumu mpaka tuta la kwanza. Ilikuwa kwenye mtaa wake mwenyewe, mbele ya fundi viatu wa kona. Gari lilipanda kwa adabu, likashuka kwa adabu, na katikati likatoa mlio: krrrrrrr! Fundi viatu akainua kichwa.

"Mzee Tuta! Umekanyaga bati?"

"Huo ni mlio wa gari la michezo," Mzee Tuta akajibu, shingo imenyooka. "Magari ya kisasa ndivyo yalivyo."

"Haya. Basi michezo imedondosha kitu hapo nyuma."

Akashuka akakiokota. Hakujua ni nini, lakini alikifuta vumbi na kukipakata mpaka nyumbani.

Wiki ile alijifunza mambo mengi. Alijifunza kupita tuta kimshazari, tairi moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi na goti bovu. Alijifunza kwamba akiwa peke yake anapita, akiwa na mtu wa pili anakwaruza, na akiwa na mama mkwe hapiti kabisa. Siku ya kuwapeleka mkewe na mama mkwe kwenye harusi, safari ilikwenda hivi: wanatembea na gari kidogo, Mzee Tuta anasimama, anageuka nyuma.

"Tafadhali shukeni."

"Tumefika?" anauliza mama mkwe, ambaye amebanwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni.

"Bado, mama. Kuna tuta."

Wanashuka na mavazi yao, wanavuka kwa miguu, gari linavuka nyuma yao, wanapanda tena. Baada ya tuta la hospitali, la pili, mama mkwe aligoma kupanda. "Baba, mimi nilidhani nimepewa lifti. Kumbe nalisindikiza gari!"

Mzee Tuta alicheka kwa sababu ya adabu, lakini usiku ule hakula vizuri. Alijiona. Mtu mzima, ana vyeo viwili na mvi za kutosha, amenunua mbio na hajawahi kutoka gia ya pili! Yeye ndiye mwizi na yeye ndiye mbwa wa mlinzi.

"Baba Watoto," mkewe akasema, "si uwaambie tu waliondoe hili la mtaani kwetu?"

"Tuta haliondolewi. Kanuni inasema, tuta likilalamikiwa ni dalili kwamba linafanya kazi, hivyo liongezwe kimo."

"Kanuni ya nani hiyo?"

Mzee Tuta akatazama ukutani. "Niliiandika mimi. Siku hiyo nilikuwa na furaha."

"Basi lisifuni," akasema mkewe kwa mzaha, akaondoka na sahani.

Lakini mzaha ukimwingia mtumishi wa umma hugeuka kuwa sera. Mzee Tuta aliuchambua kitaalamu. Ikiwa tuta likilaumiwa linapanda, basi likisifiwa sharti lishuke. Kesho yake akajifungia chooni ofisini, akafunika simu kwa leso, akapiga dawati la malalamiko.

"Idara ya Upunguzaji Kasi, lalamika," ikajibu sauti ya karani.

"Silalamiki. Nasifu."

"Samahani, unafanya nini?"

"Nasifu tuta la mtaa wetu, hapo kona ya fundi viatu. Ni tuta zuri mno. Limetulia. Linatosha kabisa, hata likipungua kidogo bado litatosha."

"Bosi, ni wewe?"

"Mimi ni mwananchi."

"Sawa, mwananchi. Ukitoka huko chooni, pitia kwa Mkurugenzi. Hii habari nampelekea sasa hivi."

Alimkuta Mkurugenzi machozi yakimlengalenga. "Naibu, nimeitumikia Idara hii tangu nywele zangu zikiwepo. Nimetukanwa, nimelaaniwa, nimeombewa mabaya misikitini na makanisani. Leo, ninapoondoka, mwananchi amesifu tuta! Tulipe mwenzake. Pacha! Waziri mwenyewe aje kulifungua, na siku hiyohiyo nitamnong'oneza jina la atakayenirithi."

Mzee Tuta alifungua mdomo kupinga. Mkurugenzi akaegemea nyuma, kiti kikalia kidogo, mlio mtamu wa madaraka.

"Wazo la kihistoria, bosi," akajisikia anasema.

Idara ambayo huchukua miaka kuziba shimo moja ilimaliza tuta pacha kabla ya wiki kwisha. Siku ya ufunguzi, Waziri alisimama kwenye kona pamoja na maspika, utepe na watu. Mzee Tuta akatoka nyumbani na funguo mkononi.

"Ni hapo tu," mkewe akamwambia. "Maspika yanasikika mpaka jikoni. Nenda kwa miguu, Baba Watoto, nakuomba."

"Mkurugenzi mtarajiwa haendi kwa miguu mbele ya Waziri."

Akaja kwa madaha. Tuta la kwanza akalivuka kimshazari, na watu wakapiga makofi. Hapo ndipo gari fupi lilipoteremka kati ya tuta na tuta, likatoshea sawasawa, mbele ukuta na nyuma ukuta, likalala pale kama mtoto kati ya wazazi wake. Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kwa sauti ile ya yadi, tairi zikazunguka, vumbi likampanda Waziri mpaka kwenye kilemba. Akajaribu kurudi nyuma. Krrrrrrr. Umati ukalipuka kwa kicheko. Fundi viatu alikaa chini ili acheke vizuri.

Waziri akajipangusa, akalikaribia dirisha. "Naibu Mkurugenzi. Hapa kuna gari na kuna tuta. Lipi limekosea?"

Kicheko kikakatika. Mzee Tuta alilijua jibu. Alilijua kwa mgongo na kwa kiuno. Akisema tuta, watu watambeba juujuu, gari litakuwa huru, na kiti kwaheri. Aliuweka mkono kwenye dashibodi ya gari lile, na kusema kweli alilionea huruma.

"Gari, Mheshimiwa," akasema. "Tuta halijawahi kukosea."

Waziri akageukia kipaza sauti. "Mmemsikia? Amelitoa gari lake mwenyewe mhanga kwa ajili ya taifa. Huyu ndiye Mkurugenzi wenu mpya!"

Mzee Tuta akajaribu kushuka kushukuru, lakini kwa jinsi gari lilivyobanwa, mlango ulikataa kufunguka.

"Tena usishuke," Waziri akaendelea. "Siku zote tumekosa kipimo cha tuta bora. Leo tumekipata. Tuta ambalo gari hili linaweza kulivuka, hilo si tuta. Kuanzia sasa gari hili ni Kipimo Rasmi cha Taifa, na kila tuta nchini lipimwe nalo. Utaliendesha wewe mwenyewe, Mkurugenzi, maana unalijua."

"Na ofisi, Mheshimiwa?"

"Ofisi ya nini? Utakuwa barabarani."

"Na kile kiti?" akauliza kwa sauti ndogo.

Waziri akachungulia ndani ya gari. "Si umekikalia?"

Tangu hapo Mkurugenzi Mzee Tuta anazunguka nchi nzima. Akilivuka tuta, anashuka na kuamuru liongezwe kimo. Asipolivuka, anaandika kwamba limefaulu, kisha anasubiri watu wa kumsukuma. Juzi mama mmoja mwenye baiskeli alimkuta juu ya tuta moja, tairi za mbele hewani, tai imemkaba, jua linampiga utosini.

"Pole, Mkurugenzi. Kazi inaendaje?"

"Vizuri sana," akajibu. "Nimekwama tangu asubuhi."