Kamba, Pazia na Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimeapa. Ijumaa urais wa Shirikisho la Kimataifa la Kuvuta Kamba ni wangu. Ukatibu mkuu umenichosha mpaka kope. Kazi nafanya mimi, sifa anazoa Rais, ambaye kwa mkosi wangu ni Shemeji, kaka wa mke wangu. Tatizo ni upigaji kura wetu. Kamba inalazwa ukumbini, wagombea wanasimama kila mmoja kwenye ncha yake, na mjumbe anakwenda kushika upande anaoutaka. Eti hakuna kuvuta, ni kuhesabiwa tu. Hawa ni wavuta kamba! Uchaguzi uliopita niliburutwa hadi kwenye meza ya chai, na karani akaandika kwamba nimejitoa.

Jumanne, 4 Machi
Pendekezo liko tayari: kura ya siri. Karatasi, sanduku, pazia. Nimewanong'oneza wajumbe kwenye korido. Mwamuzi Mkuu kasema moyo wake uko kwangu siku zote, ila akishika upande wangu, Shemeji humkazia macho na miguu inahama yenyewe. Mhazini naye kasema hivyo hivyo. Nilijua. Wananipenda, wanaona haya tu. Mke wangu, mjumbe wa timu za wanawake, ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia siasa za kimataifa aniachie mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mwanasheria kaniharibia siku. Anasema kuifuta kura ya kamba ni lazima tupige kura, na kura yenyewe ni ya kamba. Nimemuuliza kama ana akili timamu. Akanisomea kifungu, tena kwa sauti, mbele ya wapiga chapa. Usingizi sina, kiuno kinauma kabla hata sijavutwa.

Alhamisi, 6 Machi
Siamini. Nilishika ncha yangu, nikafumba macho, nikajikaza. Kamba kimya. Kufumbua, upande wa pili hakuna hata paka. Ukumbi mzima uko nyuma yangu, Shemeji akiwa wa kwanza, ananiambia mabadiliko ni jambo jema. Kisha, kwa mazoea, mtu akahesabu moja, mbili, tatu, na sote tukavuta. Wa kutushikilia hayupo. Tumeanguka chali, shirikisho zima, na Shemeji kaniangukia mimi. Pendekezo limepita. Masikini, hajui kwamba amejichimbia kaburi.

Ijumaa, 7 Machi
Kura moja.
Shemeji kapata zote zilizobaki. Mwamuzi Mkuu alipotangaza, nilimwomba akung'ute sanduku. Akalikung'uta. Halafu Mhazini akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba ile moja ni yake. Nikamshukuru. Mwamuzi akaja: ni yake. Mwanasheria: yake. Kufikia wakati wa chai, kura moja ilikuwa na wenyewe ukumbi mzima. Mwisho akaja mke wangu, akanibana mkono, akasema nisihuzunike, yeye hakunitupa.
Kura ile niliipiga mimi. Hapo ndipo iliponichoma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemuuliza kwenye kifungua kinywa. Hakukataa. Amesema miaka yote alikuwa anashika kamba yangu kwa sababu watu wanatazama, angefanyaje? Kaka yake analala viwanja vya ndege, wanawe wanamsalimia kwa simu, naye anataka mume wa kukaa naye mezani. Akanimiminia chai. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari, na kosa nimelipata. Pazia! Wajumbe walijificha mno, wakachanganyikiwa. Mkutano ujao kura itabaki ya siri, ila kila mtu ataandika jina lake nyuma ya karatasi. Nimempigia Mhazini. Ameniunga mkono papo hapo, na ameniapia tena kwamba ile kura moja ilikuwa yake. Kwa jinsi alivyoapa, nimeanza kumwamini.