Jicho Langu Halijatoka Nje ya Ndoa

Nkuhungu, Dodoma

Kwako Daktari Rubina,
Mtaalamu wa Macho

YAH: KUOMBA MAKENGEZA YANGU YABADILISHWE AINA

Naomba uhusike na mada hapo juu, na uhusike kwelikweli, maana wewe ndiye uliyeianzisha.

Mimi ni Nikodemo, karani wa masjala ya wizara huko Mtumba, mgonjwa wako wa Jumatatu iliyopita. Nilikuja kliniki nikiwa na jicho bovu na mke mzima. Nimebaki na jicho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipomaliza kunifunika jicho moja baada ya jingine, ulitamka mbele ya mke wangu Restuta kwamba la kulia lina tabia ya kutoka nje mara kwa mara, hasa nikichoka. Daktari, ni mke gani anayesikia "kutoka nje" akafikiria jicho?

2. Ukaongeza kwamba tabia hiyo imejificha kwa miaka mingi. Hapo Restuta alichukua mkoba wake, akaenda kwa mama yake huko Mvumi.

3. Mama mkwe ameitisha kikao. Baada ya shikamoo nilijitetea kwa adabu kwamba kinachotoka ni jicho tu, mimi mwenyewe huwa nabaki nyumbani. Wakaniuliza jicho linatokaje peke yake. Nikawaambia hilo waje wakuulize wewe.

4. Shemeji yangu Meshack naye ana makengeza, ila yake yanatazama pua. Kwa maelezo yako mwenyewe, hayo ni ya kuingia ndani. Basi kikao kimemtangaza kuwa mume wa mfano. Meshack, daktari. Watoto wake wa nje wanatosha timu ya mpira, pamoja na wa akiba.

5. Mchungaji amenisimamisha kwaya mpaka jicho litubu.

Kwa hiyo naomba unipime upya mbele ya ukoo, kisha uandike kwamba jicho langu linaingia ndani. Kama taaluma hairuhusu, andika linapanda juu, wataona linasali. Hilo nalo likishindikana, wapime wakwe wote mpaka apatikane mwenzangu wa kutoka nje. Nampenda mke wangu, daktari, na ugali ninaojipikia una mabonge.

Wasalimie wote hapo kliniki, kuanzia mlinzi wa getini hadi mama wa usafi.

Ndimi, mwenye macho mawili na nia moja,
Nikodemo

N.B. Nimempigia Restuta simu nikamsomea barua hii. Anasema habari ya kutoka nje aliielewa palepale kuwa ni ya jicho, mama yake ndiye aliyeipokea vibaya. Kilichomwondoa ni kingine. Uliponiagiza nimtazame yeye, jicho lilitoka. Alipopita nesi Aneth na sinia la dawa, macho yote mawili yalinyooka kabisa, na wewe ukanipongeza. Naomba unijulishe kama hilo nalo lina miwani yake.