Jambazi wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Siku njema. Nimefungua duka mapema, nimefuta vumbi kompyuta zote tatu. Wateja wanaleta flashi, mimi najaza gemu na filamu. Bango langu jipya limekaa ukutani, herufi nyekundu: KUKOPI SI KUIBA, CHA MWENYEWE KIPO PALEPALE. Nimelitunga mwenyewe! Fundi saa wa mlango wa pili kalisoma, akaguna. Wivu tu.

Nyumbani hali si hali. Mdogo wangu wa kike aliacha kazi ya mapokezi miaka miwili iliyopita ili atengeneze gemu. La tarishi anayepeleka barua kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Linatoka keshokutwa. Mama kasema wazi mezani: Jumapili ya tarehe 25 ikifika watu mia hawajanunua, binti anarudi mapokezi na kompyuta inafungiwa kabatini. Mdogo wangu aliacha chakula, akaingia chumbani. Roho iliniuma. Lazima nimsaidie. Mtaalamu wa gemu katika ukoo huu ni nani kama si mimi?

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Kanipa gemu la majaribio nicheze, nimwandikie kasoro. Kanisisitizia: kaka, hili ni la macho yako tu. Nikaapa. Nimecheza ghorofa mbili, nimekufa mara kumi na moja. Tamu ajabu!

Ndipo likanijia wazo. Watu hawanunui wasichokijua. Wakionja watapenda, wakipenda watanunua. Nikaanza kumwekea kila mteja, bure, juu ya alichoomba. Hadi jioni wateja arobaini na watatu. Sijamwambia. Acha afurahi kwa mshtuko.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Gemu limetoka jana. Wanunuzi wawili. Mmoja ni mdogo wangu mwenyewe, alikuwa anajaribu kama malipo yanapita. Wa pili ni fundi saa, kimbelembele kama kawaida yake.

Na mtaa mzima unacheza! Nimepita saluni, wanacheza. Muuza matunda anacheza, mteja anajipimia machungwa mwenyewe. Kinyozi kamwacha mtu na nusu ya ndevu. Mdogo wangu kapita palepale, kaona yote. Kaja dukani, kaniuliza kwa sauti ndogo kama ni mimi. Nikasema labda mtandao, siku hizi mtandao una mambo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama sakafu muda mrefu, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti

Nimewafuata wateja mmoja mmoja, nikawaomba wafute. Kinyozi kauliza afute kwa nini. Nikamwambia hili ni jasho la mtu, jamani, miaka miwili hajalala vizuri. Kauliza yale mengine mia nne niliyomjazia, walitengeneza malaika? Nikamweleza kuwa wale wako mbali. Kauliza mbali kutoka wapi. Maswali mengine bwana!

Mshona nguo wa ng'ambo ya barabara alinyooshea tu kidole bango langu, linaonekana toka kwake. Nimelishusha kwa muda, ukuta upumue.

Waliofuta leo: mmoja. Tena ni kwa sababu simu ilimtumbukia kwenye ndoo.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Maajabu! Asubuhi muuza matunda kaniamkia, shikamoo Jambazi Nakala, halafu kaangua kicheko. Saluni wakanipigia makofi. Nikaenda kwa kinyozi nijue kulikoni.

Kanionyesha kwenye simu. Ukifika ghorofa ya kumi na moja anatokea jambazi, jina lake Jambazi Nakala. Anapora barua za watu, anazinakili, anazigawa mitaani. Ana kitambi. Ana shati la njano la mistari na kalamu nyuma ya sikio. Mguu wa kulia kandambili ya bluu, wa kushoto ya kijani. Nikajitazama miguuni.

Mimi! Na hapo gemu la majaribio linaishia, jambazi anacheka, unaambiwa kumshinda ni ghorofa ya kumi na mbili. Ambayo haimo, iko kwenye gemu la kununua tu.

Nilikwenda nyumbani mbio. Nikamwambia mdogo wangu kuchukua sura ya mtu bila ruhusa yake ni wizi mtupu, sura hii nimeihangaikia miaka thelathini na minne! Kanisikiliza hadi mwisho. Halafu kaniuliza kwa upole kama sura yangu bado ninayo. Nikajishika usoni. Ninayo. Basi kaka, kasema, hujapungukiwa kitu. Mama alicheka hadi akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, tarehe 21 Agosti

Wananunua! Kila mtu anataka kunishinda. Kinyozi kanunua, kasema tangu anichape kwa mfuko wa barua mle kwenye gemu analala usingizi mzuri. Saluni wamenunua wote, hata wateja waliokuwa chini ya mashine ya kukausha nywele.

Wengine wameniomba niwakopie ghorofa ya kumi na mbili. Nikakataa kwa ukali. Baadaye nilijaribu kidogo, kwa utafiti tu. Haikopiki. Kafunga vizuri, huyu mtoto.

Jumapili, tarehe 25 Agosti

Mama kauliza mezani: wangapi? Mia tatu na kumi na sita. Kachomoa ufunguo wa kabati kwenye kishada chake, kampa mdogo wangu mkononi, kamwambia aendelee, lakini kwanza ale. Mdogo wangu akalia. Mimi pia, nikasingizia kitunguu, na mezani hakukuwa na kitunguu. Nilifurahi sana, nakiri.

Baadaye mdogo wangu kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa vizuri kabisa. Mpango wangu umefaulu! Nisingekopi, nani angelijua hilo gemu? Bango limerudi ukutani.

Jumanne, tarehe 27 Agosti

Biashara mpya! Fulana zenye picha ya Jambazi Nakala. Picha nimeitoa kwenye gemu. Mdogo wangu sikumuuliza, ya nini, sura si yangu? Ishirini zimeisha kabla ya saa sita.

Alasiri nikapita kwa mshona nguo. Kaning'iniza fulana mlangoni. Jambazi Nakala, kitambi kilekile! Nikamuuliza kaipata wapi. Kasema kwangu, kaazima fulana ya kinyozi, kaipiga picha. Bila hata haya! Ubunifu wangu, jasho langu, mchana kweupe!

Nimefunga duka mapema, nimekaa kuandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa polisi. Nimepata moja mtandaoni, mtu kaiandika kwa uchungu kwelikweli. Nimeinakili yote, neno kwa neno, nimebadilisha jina tu. Kesho saa mbili asubuhi niko kituoni.